Gome la Mkomafi na Mikono ya Baba

Mkomafi hauoti ziwani kwetu, hata ubembelezwe. Ni mti wa pwani, unataka tope na maji ya chumvi yanayokuja na kuondoka, na Ziwa Nyasa halina chumvi wala halijui kupwa na kujaa. Hayo niliyapata kwa kijana wa Kilwa aliyekuwa anauza dawa Kitai, pale mabasi ya Songea yanaposimama. Mimi nilikuwa nashusha magunia yangu ya usipa, dagaa wa ziwa letu.

"Dada, mkomafi huu. Mizizi yake inatambaa juu ya tope kama chatu. Tunda lake kubwa kama mpira, na mbegu zimeshikamana ndani hivi." Akafumbata ngumi zake mbili. "Ukizitoa, kuzirudisha zikae kama mwanzo huwezi."

"Mimi sili tunda. Tumbo la kuharisha linatibika?"

"Hiyo kazi ya gome. Kipande kimoja kama kiganja, maji ya birika dogo, likichemka tu epua. Kikombe cha kahawa asubuhi, kingine jioni. Basi."

"Mbona jembamba? Umebandua mti au umemenya kiazi?"

"Ndivyo lilivyo, dada. Linajibandua lenyewe."

Tulivutana mpaka basi lake likapiga honi, na honi ikilia mwenye mzigo hulegea. Nikaondoka na vipande kumi na viwili, na vitatu vya nyongeza. Nilivihesabu mbele yake, kisha nikavihesabu tena, akacheka akasema mwenye duka la dhahabu angeniogopa.

Mama yangu, kijijini ufukweni, alikuwa na tumbo la kuja na kuondoka. Nilimpelekea lile furushi, nikamweleza neno kwa neno. Baba alikuwa uani na redio yake. Nikarudi Mbinga sokoni nikiwa nimeridhika na biashara yangu.

Kisha jirani yao akanipigia simu. Mama anaharisha tangu juzi, njoo. Akakata. Njia yote ya kushuka milima nilikuwa nimeshika simu bila kupiga, nikihofia ipokelewe na mtu mwingine.

Nilimkuta baba mlangoni. "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Baba yangu humwitikia hata mtoto aliyemvunjia dirisha.

Jikoni sufuria kubwa, lile la kupikia ubwabwa wa sherehe, lilikuwa bado linafuka. Ndani, maji mekundu yaliyokaribia weusi, mazito. Kamba ya furushi ilikuwa sakafuni. Nikatafuta magome mezani, nikatafuta tena, kisha nikachukua mwiko nikavua sufuriani. Kumi na tano. Nilihesabu mara ya pili kwa kutumaini kwamba nimekosea.

"Baba, umeyapika yote?"

"Gome si linapikwa? Nimelipika mpaka likatoa rangi."

Hapo nikaelewa. Ujana wake wote baba alivua samaki kwa nyavu za pamba, na nyavu zile zilikuwa zinaoza. Walichemsha magome ya porini kutwa nzima, mpaka ukichovya kidole kinatoka chekundu, ndipo wavu unazamishwa humo usioze. Siku hizi nyavu ni za nailoni, hakuna anayechemsha kitu. Lakini alipojikuta na gome mkononi na mgonjwa ndani, mikono yake ilijua njia moja tu.

Mama alikuwa kitandani, macho yameingia ndani. Alipoyanywa maji yale kuharisha kulikoma, na wao wakafurahi. Halafu kutapika kukaanza. Kila tone la maji lilirudi. Tumbo gumu kama ubao.

"Mama, umekojoa saa ngapi?"

Akafikiria. "Jana," akasema, kama mtu anayekisia.

Tulipata gari la mnunuzi wa dagaa. Mama nilimlaza mapajani, nimemfunika vitenge vyangu viwili, na bado alikuwa baridi. Kwenye kona za mlima baba akaninong'oneza, "Hospitali usiseme gome. Watatugombeza, watatuacha nje."

"Watugombeze."

"Sema alikula samaki."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Aliivuta ngozi ya mkono wa mama, ikabaki imesimama. Akaamuru dripu, kisha akauliza, "Amekunywa dawa gani nyumbani?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, baba akanyoosha mikono yake mbele, viganja juu, vyekundu mpaka kwenye kucha.

"Nimemchemshia kama wavu, daktari."

Hakumgombeza. Alichukua kipande kimoja nilichokuja nacho kutoka sufuriani, akakinusa. "Ukionja hiki ulimi unakazana, sivyo? Kinachokaza ni tanini. Ndiyo ilikuwa inakaza nyuzi zako, mzee, na ndiyo inakaza ngozi ya viatu. Kidogo, utumbo unatulia. Ikizidi, tumbo linakataa kila kitu, hata maji. Na mdudu aliyemfanya aharishe yumo bado, mlango tu ndio umefungwa."

"Atapona?" nikauliza.

"Figo ndizo zinanitia wasiwasi. Akikojoa, tutapumua. Asipokojoa, tutamhamishia hospitali kubwa."

Nilikaa nikitazama matone ya dripu. Niliyahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kitanda cha jirani walikuwa wanasali rozari na mimi nikawa nimedandia sala yao bila kuomba ruhusa. Baba alitoka kunawa, akarudi, akatoka tena. Mfuko wa kwanza ukaisha. Wakafunga wa pili.

Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya migomba, mama akafumbua macho. "Nipeni beseni."

"La kutapikia?"

"La kukojolea, we mtoto."

"Amesema anakojoa?" baba akapaza sauti, wodi nzima ikageuka, na mama aliyekuwa anakufa akapata nguvu za kuona haya.

Kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa. Maisha yangu yote sijawahi kupokea kipimo kidogo namna ile bila kudai nyongeza. Nilimwita nesi aje akione, kisha nikamwita tena.

Mama akamtazama baba. "Na wewe kanawe mikono."

Alikuwa amenawa kutwa. Ile rangi ilikaa viganjani mwake siku nyingi baada ya sisi kurudi ufukweni, na kila nilipoiona, nilimtafuta mama kwa macho kwanza, ndipo nikamsalimia baba.