Chai ya Maramia Mbele ya Sajini Mstaafu

Waliorudi kutoka Ghuba wana tabia ya kujiita mameneja. Mtu alikuwa akifungua mlango wa hoteli, akishuka tu uwanja wa ndege wa nyumbani amekuwa meneja wa usalama. Mimi sina haja ya hayo. Nilikwenda Doha na diploma ya mauzo na usimamizi wa biashara, niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza mitumba, na kazi niliyoifanya kule ilikuwa kuuza majani makavu katika duka moja la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Niliyauza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ile. Leo nina duka langu mwenyewe na mke wangu mwenyewe. Duka nililipata kwa akili. Mke alikaribia kunipotea kwa sababu ya picha moja.

Duka lile la Doha ni la aina ambayo Waarabu huiita attara: dawa za mitishamba na viungo. Chupa za kioo zilipanda ukutani hadi darini. Kulikuwa na babunaji ya usingizi, maramia ya tumbo, karkade nyekundu, uwatu, habasoda, ubani, na sanamaki ya kufungua choo, ambayo sikumuuzia mtu bila kumwuliza kwanza kama anaishi karibu. Tajiri wetu, mzee Myemeni mpole, alikuwa amezipanga chupa kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilizipanga upya kwa magonjwa, nikatia taa ndogo nyuma ya kila rafu. Mteja aliyeingia kutafuta iliki alitoka na iliki, babunaji na elimu.

Siku tajiri alipotuletea aproni mpya za kijani, niliipiga yangu pasi, nikasimama mbele ya chupa zangu, nikajaza kiganja majani, nikapiga picha. Niliiweka WhatsApp na maneno haya: "Majani yananilipa. Mungu ni mkubwa." Ilikuwa picha nzuri. Hadi leo nasema ilikuwa nzuri.

Wakati huo wazee wangu walikuwa wakijiandaa kwenda kwa kina mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, kujitambulisha na kuniombea mke. Baba yake alikuwa sajini mstaafu wa polisi. Ujana wake wote aliumaliza akikimbizana na wavuta bangi kwenye mashamba ya mahindi, na kustaafu hakukumpunguzia mwendo. Jioni ile ile ya picha yangu, mchumba wangu alinipigia.

"Baba amesema wazee wako wasije."

"Nimekosa nini?"

"Ameona picha yako. Halafu akaona kwenye habari kuna nchi ng'ambo wanauza bangi dukani, peupe, na vibali. Chupa za kioo, taa, vijana wamevaa aproni za kijani. Anasema wewe ni muuza bangi mwenye leseni."

"Leseni tunayo, bangi hatuna!"

"Sasa hiyo sentensi usije ukamwambia."

Nilienda kuitafuta taarifa hiyo kwenye simu. Na kusema kweli, duka lile la bangi lilipangwa kama langu. Kijana wa pale alikuwa akimnusisha mteja jani na kumweleza lipi la usingizi na lipi la maumivu, kama mimi kabisa, isipokuwa hakuwa na ufasaha wangu. Hata hivyo sikucheka. Kulikuwa na karani mmoja wa kaunti aliyekuwa akipita kwa kina mchumba wangu kila Jumapili na mikate, na Sajini alikuwa ameanza kuila. Wazee wangu wakikataliwa mlangoni, mikate ile ingeshinda.

Nikaamua kumwonyesha Sajini duka kwa macho yake. Alasiri, tajiri alipokwenda msikitini, nilipiga simu ya video. Kule nyumbani mchumba wangu alishika simu, mama yake akaketi nyuma, na uso wa Sajini ukajaa kioo chote.

"Shikamoo, Baba."

"Wacha shikamoo. Zungusha hiyo simu."

Nilizungusha. Alikagua rafu moja baada ya nyingine bila kupepesa macho.

"Hiyo ya kijani kijivu?"

"Maramia, Baba. Ya tumbo."

"Hiyo yenye vichwa vya manjano?"

"Babunaji. Inaleta usingizi."

"Hata wale wa kwenye habari walisema inaleta usingizi." Akamtazama mkewe kama hakimu anayemtazama karani wa korti. "Leseni iko wapi?"

Nilisogeza simu hadi kwenye leseni, iliyotundikwa ukutani na muhuri wake.

"Imeandikwa Kiarabu."

"Ndiyo, Baba. Tuko kwa Waarabu."

"Basi inaweza kuwa imeandika lolote."

Hapo mlango ukafunguliwa. Aliingia mteja wangu mkubwa kuliko wote, mama mmoja wa Kikatari mwenye umri wa bibi yangu, pamoja na Mkenya mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake, dada mmoja wa upande wa Machakos asiyejua kunyamaza. Sasa, kule Doha ukimwelekezea mwanamke kamera bila ruhusa yake umejitafutia kesi. Sikufikiri mara mbili. Nilitumbukiza simu kwenye mfuko wa mbele wa aproni.

"Mbona giza?" sauti ya Sajini ikatoka tumboni mwangu. "Wewe kijana! Polisi wamekuja? Unaficha nini?"

Yule mama akasimama. Akanitazama usoni, kisha tumboni, akaniuliza kwa Kiarabu nimemeza mzee wa nani.

"Ngai!" dada akapiga makofi. "Daktari wa Majani! Nani huyo uko naye mfukoni?"

"Ni baba mkwe. Tafadhali, dada, nitakueleza baadaye."

"Baadaye gani? Eleza sasa, Madam anauliza."

Nilimweleza kwa kunong'ona kwa Kiswahili, nikamsihi amfasirie kila kitu isipokuwa neno moja tu, kwa sababu katika mji ule neno hashishi halitamkwi dukani hata kwa mzaha. Dada akageuka, akaanza kueleza kwa Kiarabu cha jikoni, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake likawa hilo hilo.

Nilihisi jasho likiteremka mgongoni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Yule mama aliketi polepole kwenye kiti cha wateja. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akashika shela yake kwa mikono miwili. Kisha akasema, na dada akatafsiri kwa sauti ili mfuko usikie, kwamba baba yake yeye alimwuliza mchumba wake swali moja tu, kama ana ngamia, na laiti angeuliza zaidi.

"Nani huyo mwanamke?" Sajini akafoka.

Dada hakungoja ruhusa. Aliuchukua mkono wangu, akauingiza mfukoni, akatoa simu, akaielekeza usoni pangu huku yeye na mama wakibaki nyuma yake.

"Mzee, habari ya huko? Mimi ni Mkenya, nafanya kazi kwa nyumba ya huyu mama. Huyu kijana hana bangi."

"Umemjua kwa muda gani?"

"Tangu nifike huku. Kila mwezi tunanunua kwake."

"Mnanunua nini?"

"Maramia, babunaji, na hotuba. Hotuba hatuagizi, anatuongezea tu."

"Umewahi kumwona amelewa?"

"Amelewa diploma yake, Mzee. Hiyo ndiyo inamsumbua."

Nilitaka kutoa maelezo hapo, lakini mchumba wangu alinikata jicho kutoka kona ya kioo.

Sajini aliiweka sawa kofia yake. Nilijua amelainika kidogo, maana aliacha kuniita wewe kijana. Lakini polisi hastaafu kirahisi. "Sikiliza," akasema. "Mtu wa bangi namjua kwa kitu kimoja. Anacheka bila sababu. Chemsha hayo majani ya kijani kijivu, unywe nikikuona. Halafu nikukague. Ukicheka, tumemalizana."

Birika la kuonjeshea wateja lilikuwa pale pale. Mama wa Kikatari aliposikia tafsiri alinyoosha kidole kuagiza majani yawe mengi. Nikachemsha, nikamimina, nikanywa glasi nzima ya maramia bila sukari. Maramia kali inabana ulimi kama ndizi mbichi. Kisha nikaweka glasi chini, nikakunja uso, nikatulia.

Mtu ambaye hajawahi kukatazwa kucheka hawezi kuelewa. Mbele yangu palikuwa na simu yenye uso wa sajini aliyesogea karibu hadi nikaona nywele za puani. Nyuma ya simu, dada alikuwa akivimbisha mashavu makusudi. Mama wa Kikatari alirudia kwa upole, "Miskini, miskini." Nilifikiria mambo ya huzuni. Nilifikiria mikate ya karani. Nilikaza taya kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Muda ukapita. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akamwuliza bintiye kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Mbona mwenzako anakaa hivyo? Amebanwa na haja?"

Mimi sikucheka. Naapa sikucheka, na dada yule ni shahidi. Aliyecheka ni Sajini. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda puani, kisha kofia ikamtoka. Alicheka huku akipiga goti lake, simu ikatikisika, nikaona dari yao, nikaona kalenda, nikamwona yeye tena anafuta machozi.

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ni maramia. Nilimtazama, uso wangu ukiwa bado umekunjwa, nikasema:

"Baba, wewe leo umevuta nini?"

Kicheko kikakatika. Mchumba wangu akaziba mdomo. Dada akanong'ona, "Umejimaliza." Sajini alinitazama kwa jicho ambalo bila shaka liliwahi kuwafanya watu wakiri makosa ya majirani zao.

"Amekuuliza swali," mama mkwe akasema nyuma yake. "Jibu."

 Sajini akaitafuta kofia yake chini ya kiti, akaikung'uta kwa muda mrefu kuliko kofia yoyote inavyostahili, akaivaa.

"Wazee wako ni wangapi?" akauliza.

"Wanne, Baba. Na shangazi yangu."

"Waje. Jumamosi, mapema, kabla jua halijawa kali." Alianza kuinuka, halafu akarudisha uso kwenye simu na kushusha sauti, kana kwamba mkewe hakuwa nyuma yake. "Hayo ya usingizi. Kwa mtu mzima anayeamka amka usiku, unampa kiasi gani?"

Hapo tena nilikuwa kazini. Nikaishusha chupa ya babunaji, nikaifungua, nikaisogeza karibu na simu, nikaanza kumweleza toka mwanzo.