Makaratasi ya Koku Hayawashi Moto

Siku ya sita leo na bado nampigia simu. Inaita kidogo, inakatika, halafu nakumbuka kwamba nilimtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kibanja cha baba yake, huko Bugene.

Kwa msiojua: Mwalimu Kokugonza, tuliyezoea kumwita Koku, amefariki. Tumefundisha pamoja miaka kumi na moja, madarasa yanayopakana. Alikuwa anasoma PhD ya elimu ya watoto wenye vipawa na ubunifu, na alibakiza sura mbili tu.

Naandika nikiwa na hasira. Mnisamehe, au msinisamehe.

Msibani nimesikia watu wakinong'ona kwamba vitabu ndivyo vilivyomuua. Eti mwanamke wa huku kwetu, PhD ya nini. Daktari kasema ni presha. Presha hiyohiyo ilimchukua mama yake, na mama yake hakuwahi kushika kalamu. Haya semeni, yule naye aliuawa na kitabu gani?

Alipoanza tulimcheka staff room nzima, na mimi nikiwemo. Nilimwambia, "Vipawa, Karagwe hii? Watoto wenyewe wanachelewa shule kwa sababu ya kuvuna maharage." Aliendelea kusahihisha madaftari yake. "Ndio haohao ninaowatafuta," akasema.

Sasa niwasimulie ya Kaisho.

Alikwenda kule na kipimo alichopewa chuoni, nami nikamsindikiza. Tukafika kwa familia moja ya wafugaji, akakaa na binti yao, Asimwe, wa darasa la nne. Sehemu ya hesabu ilitaka mtoto ahesabu vitu anavyovifahamu vizuri. Koku akamwambia, "Haya mwanangu, nihesabie ng'ombe wa baba."

Asimwe kimya. Koku akarudia swali. Kimya, anatazama vidole vyake vya miguu. Koku akaandika sifuri.

Sisi tuliokulia migombani hatukuwa na habari. Bibi yake Asimwe ndiye aliyetutoa ushamba. "Waitu mwalimu, ng'ombe hawahesabiwi. Unataka wafe?"

Jioni ng'ombe wakarudi. Asimwe akasimama penye lango la zizi, akawaangalia wakiingia, kisha akamgeukia baba yake. "Bihogo hayupo, yule mwekundu. Na ndama wa yule aliyevunjika pembe." Hakuhesabu hata mmoja. Walikuwa wengi, idadi siitaji, nimeshafundishwa adabu. Baba akashuka bondeni, akarudi nao, wawili haohao.

Koku alikaa chini akalia. Nilidhani ni uchovu. Akaniambia, "Mtoto huyu nimempa sifuri. Mimi."

Kesho yake alianza upya. Data ya mwaka mzima akaiweka pembeni, akatunga vipimo vyake mwenyewe: ng'ombe kwa rangi na pembe zao, vitendawili vya Kinyambo, magari ambayo watoto wanayaunda kwa vigogo vya migomba. Alizunguka navyo Kaisho na Kibingo, mvua na jua, na likizo zake zote ziliishia huko.

Supervisor akamwandikia kwamba kipimo kile ni cha kimataifa, hakibadilishwi. Koku alinionyesha email tukiwa mezani, sahani za ndizi mbele yetu. Akajibu mstari mmoja: "Mizani ikishindwa kupima mzigo wangu, natafuta mizani nyingine." Akabonyeza send, akaomba aongezewe maharage.

Walimzungusha jamani. Deadline hii, deadline ile, rudia hapa, futa pale. Alirudia na hakufuta. Mwishowe wakazipokea sura tatu za kwanza. Siku hiyo alitununulia soda wote, hata sisi tuliomcheka.

Jana tumeanua matanga. Koku hakuacha mtoto, kwa hiyo ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Vitenge vikaenda kwa shangazi zake, redio kwa kaka yake. Yakabaki maboksi matatu: michoro ya watoto, majibu yao, na maelezo yake yote. Mjomba mmoja akasema yapelekwe jikoni, yatawashia moto mwezi mzima. Wenzake wakaitikia. Hawakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikasimama. Si desturi, mimi si wa ukoo. Baba yake mdogo, aliyesimamia ugawaji, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wewe ni nani kwake hata urithi?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba. Sina undugu naye. Ila mle ndani mna watoto wa watu, na mimi nikiwepo hawachomwi."

Kisha mzee mwenyewe, baba yake Koku, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye maboksi. "Mpeni. Na mumsaidie kubeba."

Najua kinachofuata. Chuo kimeshasema utafiti wa marehemu unafungwa. Sawa, wafunge faili lao. PhD hawatampa, lakini kazi hii hawana uwezo wa kuifunga. Asimwe shuleni kwao wanataka arudie darasa, eti ni mzito. Jumatatu nakwenda Kaisho na majibu yake mkononi, na nitakaa ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka ayasome. Nikitoka hapo, Kibingo. Mnaotaka kucheka, chekeni. Nawaelewa, nilikuwa upande wenu.

Koku, nimefungua boksi la kwanza. Mwandiko wako ni mbaya sana rafiki yangu, ukurasa mmoja umenila nusu saa. Nitausoma wote.

Wewe lala salama.