Picha Arobaini

Wanafunzi wasioona wa chuo kile walikuwa sita, na wote sita walimwita Macho. Jina lilikuwa na utani ndani yake, maana mzee mwenyewe alivaa miwani minene kama kitako cha glasi, na akiivua asingemtofautisha mkewe na kabati. Lakini halikuwa utani mtupu. Kila mchoro uliopandishwa kwenye mfumo wa masomo ya mtandaoni ulipita kwanza mezani kwake, naye akauandikia maelezo mafupi, ili kompyuta ya mwanafunzi asiyeona ikifika pale isome kwa sauti kilichochorwa. Asipoandika, kompyuta husema neno moja tu, "Picha," kisha inapita zake.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya viti vibovu, nyuma ya maktaba. Haikuwa na dirisha. Mlango ulisugua sakafu, na ili uingie ilibidi uunyanyue kwa mikono miwili huku ukiusukuma kwa goti. Humo alikuwa amekaa miaka kumi na moja, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, akinyoosha makunyanzi ya walimu. Huyu analeta noti alizozipiga picha kwa simu, zimelala ubavu, na kidole gumba chake kimeziba kona. Yule anatunga swali linalosema "chagua jibu lenye rangi nyekundu", utadhani wekundu una harufu. Mwingine analeta video ya saa nzima kwa ajili ya wanafunzi viziwi, haina hata neno moja la maandishi chini yake. Macho alizinyoosha zote, akinung'unika peke yake, na hakuna aliyekuja kumwambia ahsante.

Siku ya mkasa, mwalimu wa mifupa, yule wa tiba ya viungo, alimletea jaribio saa saba mchana, akataka lifunguliwe saa kumi. Lilikuwa na picha arobaini. Kila picha ina mshale, mshale umegusa mfupa, mwanafunzi ataje jina la mfupa huo. Sasa, maelezo ya picha za jaribio yana adabu yake: unaeleza bila kutaja. Unasema, mfupa mwembamba uliolala juu ya kifua, kutoka chini ya koo hadi begani, halafu unafunga mdomo. Jina la mtulinga atalitoa mwanafunzi mwenyewe. Adabu hiyo Macho aliijua kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu ndiye aliyeiandika na kuibandika ukutani kwake.

Lakini picha zile zilikuwa zimetumika kwenye noti za muhula, alishaziandikia maelezo, na mfumo ulikuwa na kitufe cha kuyavuta maelezo ya zamani na kuyaweka mahali papya. Macho akatazama saa, akatazama picha arobaini, akabonyeza kitufe. Kilichomtoka akilini ni kwamba kwenye noti alikuwa ametaja majina, kama noti zinavyotakiwa. Haraka haraka, mwisho wake tunaujua wote, na bado tunaikimbilia.

Kati ya wale sita, mmoja tu alisoma tiba ya viungo: binti wa mwaka wa pili, asiyeona tangu kuzaliwa. Alipata arobaini kwa arobaini. Mwalimu wa mifupa, ambaye tangu siku ya kwanza alishasema kwamba kozi ya picha haimfai asiye na macho, hakungoja hata chai ipoe. Akaandika barua kwamba binti huyo alikuwa na mtu pembeni aliyemnong'oneza majibu. Kamati ya nidhamu ikapangwa Alhamisi, na akitiwa hatiani, anafukuzwa chuo.

Macho alipopata habari alifungua jaribio, akavaa vipokea sauti, akafumba macho. Mchoro wa bega, mshale unaonesha mtulinga. Mchoro wa goti, mshale unaonesha pia ya goti. Alifika la kumi akavivua. Mnong'onezaji alikuwa yeye.

Tusimpambe, hakukurupuka kwenda kusema. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na mkuu wa kitengo alikwishamwonya kwamba akikosea tena, stoo itarudishiwa viti vyake. Hiyo ndiyo sababu iliyotangulia kumjia, na aliionea aibu. Ya pili ilimwelemea zaidi. Alijua kwamba mwalimu wa mifupa alikuwa anatafuta kisingizio cha kuyapiga marufuku maelezo ya picha kwenye majaribio yote. Akisema, anampa kisingizio hicho mkononi, na wanafunzi sita wanafungiwa mlango. Akinyamaza, anafukuzwa mmoja. Siku mbili alilipima jambo hilo ndani ya stoo yake, kila upande ukuta.

Jumatano binti akaja mwenyewe. Alipapasa fremu ya mlango, akasukuma, ukagoma, Macho akamnyanyulia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Kaa, kiti kiko kulia kwako."

Alikaa, akaegemeza fimbo yake magotini. Macho akaanza kuzunguka mbuyu, mara masomo, mara habari za nyumbani, hadi binti alipomkatiza kwa upole.

"Nilisikia, Baba. Swali la kwanza tu nikasikia jina limetajwa. Nikasimama kidogo, nikafikiri nikupigie. Lakini saa ilikuwa inakimbia, na mifupa yote naijua. Nimejifunza kwa kushika ile mifupa ya plastiki ya maabara, na mingine mwilini mwangu. Nikajibu."

"Nitakwenda kusema kosa ni langu."

"Usiseme. Mimi nikifukuzwa, nitatafuta chuo kingine. Wewe ukiondoka, wale watano watasomewa na nani?"

Binti akainuka, na Macho akasimama kumnyanyulia mlango. Alimtazama binti yule akitafuta mlango kwa fimbo. Msichana wa miaka ishirini na moja alikuwa anambebea mzigo wake, na Macho alikuwa ameshaanza kumwachia.

Jioni alimsimulia mkewe, fundi cherehani, ambaye alikuwa anapinda shati na hakusimamisha mguu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba kama anataka ushauri wa kunyamaza, akautafute kwa jirani.

Kwa hiyo Alhamisi alisema. Alisimama mbele ya kamati, watu watano nyuma ya meza ndefu, akaeleza kitufe, noti, jaribio, kila kitu. Akawasikilizisha swali la kwanza kwa spika. Kwa dakika nzima aliamini kwamba amemwokoa. Mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake, kisha akageuka upande wa binti.

"Uliposikia jibu linatajwa, ulimwarifu mtu yeyote?"

Angeweza kudanganya. Angesema alidhani ndivyo jaribio lilivyo, na nani angembishia?

"Hapana," akasema. "Nilisikia, nikaendelea."

Basi hapo kisu kikafika mfupani. Penye ukweli uongo hujitenga, tunafundishwa hivyo tangu utotoni. Hatufundishwi ukweli unapokuwa mwingi mezani watu hushika upande gani. Kamati haikumfukuza. Iliamua arudie jaribio Jumatatu, na safari hii picha zisiwe na maelezo yoyote. Akishindwa, aondolewe kwenye kozi.

Binti aliomba apewe mifupa ya plastiki aishike na kuitaja mbele yao, hata papo hapo. Mwalimu wa mifupa alijibu kwamba jaribio ni la picha. Macho akaomba muda wa saa tatu tu, ayaandike maelezo upya kwa adabu yake, bila majina. Mwalimu akauliza kamati itajuaje kwamba hajaficha kitu humo ndani. Mwenyekiti akahitimisha kwamba haki ni usawa: wenzake walipewa picha, na yeye atapewa picha. Watu watano wenye akili timamu waliitikia kwa vichwa.

Macho naye hakufukuzwa. Mkataba ukaongezwa mwaka mmoja, kwa kuwa hakupatikana mwingine anayejua kuiendesha ile mitambo. Na kwa sababu hiyohiyo akaagizwa ayafute maelezo kwa mkono wake, kisha alisimamie jaribio ndani ya chumba chake. Asitamke neno lolote zaidi ya kuitikia kwamba yupo.

Ijumaa aliyafuta. Kila moja mfumo ulimuuliza kama ana uhakika, na kila mara alilazimika kukubali, mara arobaini. Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake akihesabu.

Jumatatu binti akaja na fimbo yake, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha kulia. Mwalimu wa mifupa alijiwekea kiti mlangoni, akakunja mikono. Mlango ulifungwa. Spika iliwekwa mezani wote wasikie.

"Swali la kwanza," ilisema kompyuta. "Picha. Taja mfupa uliooneshwa kwa mshale."

Macho alikuwa mbele ya skrini hiyohiyo. Aliuona mshale. Aliuona mfupa mwembamba uliolala juu ya kifua, kutoka chini ya koo hadi begani, na maneno yote yalikuwa mdomoni mwake, kwa adabu yake, yamepangwa tayari. Mkono wa binti ulipanda polepole kifuani, ukagusa koo, ukaenda begani, ukarudi. Alikuwa anaupapasa mwili wake mzima kwa vidole, mfupa kwa mfupa, na yote aliijua majina. Hakujua tu anaulizwa upi.

Akamgeuzia Macho uso.

"Baba, upo?"

Mwalimu wa mifupa akainua kichwa.

"Nipo," akasema Macho.

Binti alingoja kidogo. Kisha akabonyeza kwenda mbele, na kompyuta ikasema, "Swali la pili. Picha."