Nusu ya Simu ni Udongo

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa huko mbele. Marehemu mama yangu alikuwa akisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami nimekimbiza wangu maisha yangu yote na bado nipo. Lakini kuna kiangazi kimoja, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita, ambapo woga wangu nusura uwaangukie watu wasiokuwa na kosa. Nimekaa na kisa hicho kwa muda mrefu mno.

Nilikuwa fundi wa simu wa kampuni moja iliyonunua mbata, nazi zilizokaushwa. Ofisi ilikuwa mjini karibu na bandari, na ghala lilikuwa Mwananyamala, ambako siku hizo ilikuwa minazi, mihogo na nyumba chache za udongo. Watu wa Mabibo na hata wa Kinyerezi walileta mbata zao pale kwa punda na kwa vichwa. Kati ya ghala na ofisi kulipita waya mmoja juu ya nguzo, na kila mwisho palikuwa na simu ya kuzungusha mkono. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha simu hizo zinasikilizana. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mzaliwa wa palepale, hatua arobaini kutoka ghalani. Nilikaa na mke wangu aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Tulikuwa watu wa bara, Wakristo, hatujatimiza hata mwaka pwani.

Kiangazi kilipopamba moto akaja meneja mpya. Siku yake ya tatu alinyanyua simu azungumze na karani wa ghalani, akasikia sauti kama ya mtu aliyefunikwa mto usoni. Akaniita. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, lakini alikijua.

"Nitaagiza waya mnene zaidi," alisema. "Na fundi mwingine."

Mke mjamzito, chumba cha kupanga, na kwetu ni mwendo wa siku nne. Nikasema, "Bwana Mkubwa, waya hauna kosa. Yenye kosa ni ardhi."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kiti chake kina homa. Nikaona nisipoeleza sasa hivi nimekwisha. Tarishi wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni, basi nikamtumia yeye.

"Bwana, huyu ukimtuma ghalani na barua, anakwenda kwa njia. Lakini lazima awe na njia ya kurudi, la sivyo kesho huna wa kumtuma. Umeme ndivyo ulivyo. Hautoki kwenye betri kama hauna pa kurudia. Wenye uwezo huweka nyaya mbili, mmoja wa kwendea, mmoja wa kurudia. Sisi tuna mmoja tu wa kwendea. Kurudi, unarudi ardhini."

Nikamweleza kwamba kila mwisho kuna sahani ya shaba, ukubwa wa sinia, imefukiwa chini na kuungwa na simu. Umeme hushukia hapo na kutafuta njia yake udongoni. Udongo mbichi ni barabara nzuri, mchanga mkavu ni kama kupita kwenye miiba. Ndiyo maana sahani ya ghalani haikufukiwa ghalani, ilipelekwa kando ya kisima cha kijiji penye unyevu. Sasa kiangazi kimekuwa kirefu na hata pale pamekauka. Dawa yake ni maji yenye chumvi, kwa sababu chumvi huyasaidia maji kuubeba umeme.

Meneja alichukua kalamu akachora mstari juu na mstari chini, akaiunganisha. Uso ukamkunjuka. "Kwa hiyo nusu ya simu yangu ni udongo," alisema. Halafu akauliza kama sahani ile ina kazi nyingine.

"Radi, Bwana. Radi ikipiga waya, kuna kidude ghalani kinaipeleka chini kwenye sahani, isimpate karani sikioni."

"Vizuri sana," alisema, akaamuru nipewe gunia la chumvi. Hakuuliza ni nani husimama kisimani, nami sikumkumbusha. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwamba kazi ninayo.

Basi nikaanza. Mara mbili kwa wiki nilikoroga chumvi kwenye debe la maji, nikaenda kisimani asubuhi na kumwaga polepole pale sahani ilipofukiwa. Wanawake walikuwa wakichota. Walininyamazia tu. Laiti wangenitukana, ningejua pa kuanzia. Vuli ilikuwa imechelewa, mihogo imesinyaa, kamba ya kisima imeongezwa mara mbili. Na huyu hapa mtu wa kuja, ana waya wake, anamwaga maji ya chumvi ardhini huku akiangalia huku na huku, maana mwoga haachi kuangalia huku na huku. Wangefikiri nini? Walifikiri nimefunga mvua. Maji ya kisima nayo yakaanza kuwa na ladha ya chumvi, na hilo siwezi kusema walisingizia.

Siku moja mke wangu alirudi na ndoo tupu, kanga imemlowa mpaka miguuni.

"Wameyamwaga," alisema. "Wamesema nije nichote kwa mume wangu aliyeyafunga."

Kesho yake jiwe lilitua kwenye makuti juu ya kitanda chetu, mchana kweupe. Tangu hapo nikisikia watu wakicheka barabarani, nilijibanza nyuma ya mlango mpaka wapite. Nilimwazia mke wangu na tumbo lile, na mahali ambapo hatuna hata ndugu wa kumkimbilia. Ndipo jumbe, mkuu wa kijiji, akaniita barazani kwake Ijumaa, watu wakishatoka msikitini.

Walijaa. Bibi mwenye nyumba wangu alikuwapo, ameketi pembeni na wanawake. Nikaeleza kama nilivyomweleza meneja, tarishi na barua na njia ya kurudi. Nilieleza vizuri, hata mimi mwenyewe nilijisikia. Nilitazamia waseme, "Kumbe!" na kurudi makwao.

Jumbe alifikiri kidogo. "Fundi, tumekuelewa. Umeme wa Mzungu, na maneno yake ndani, unapita ardhini kutoka hapa mpaka bandarini."

"Ndiyo, mzee."

"Chini ya nyumba zetu."

"Ndiyo, mzee."

"Na makaburini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimenogewa na ualimu. "Hauchagui, mzee. Unapita popote penye unyevu."

Baraza lililipuka. Walikuja na shaka ya mvua, sasa nimewapa na ya wafu wao. Mzee mmoja alikuwa akilia kabisa, akisema baba yake analala pale, anapitishiwa bei za mbata kifuani. Vijana walisimama. Nami kwa hofu nikapaza sauti kuliko wote: "Kile kitu hakina madhara! Hakina madhara hata chembe! Hata mtoto anaweza kulala juu yake!"

Bibi mwenye nyumba akainuka, na watu wakanyamaza kidogo kidogo.

"Basi," alisema. "Kama ni hivyo kitoke kisimani. Mie uani kwangu maji ya bafuni yanamwagika kila siku, ardhi haikauki. Akakifukie pale, chini ya ukuta wa chumba chake, anapolala mkewe. Nasi tutamwamini."

Watu waliitikia kwa sauti moja. Jumbe akaniambia kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele, "Ijumaa ijayo kikiwa bado kisimani, mie vijana hawa siwawezi."

Nilikubali. Ningefanya nini? Jumamosi asubuhi niliifukua sahani mbele ya macho ya kijiji kizima, nikaifukia uani, mkono mmoja kutoka ukutani. Nikavuta waya, nikazungusha simu ghalani, na sauti ya karani wa mjini ikaja safi kuliko siku zote. Nilimpa jumbe kipokezi asikie mwenyewe. Alicheka. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja alimtwika mke wangu ndoo iliyojaa maji na kumwita wifi. Ningekuwa mtu mwingine ningesema mambo yamekwisha.

Alasiri ile wingu lilipanda kutoka upande wa bahari, jeusi, zito. Watu walitoka nje kulishangilia. Kisha likanguruma, mbali bado. Mke wangu alikuwa nje na wenzake wapya. Niliingia chumbani, nikashika kitanda, nikakiburuta kutoka ukuta ule hadi ukuta wa mlangoni. Miguu ya kitanda iliacha alama nne kwenye sakafu ya udongo. Nilikuwa nazifuta kwa unyayo bibi alipotokea mlangoni.

"Vipi tena?"

"Joto, bibi. Nimeona huku kuna upepo."

Upande ule haukuwa na dirisha. Alitazama alama, akatazama ukuta, akageuka kulitazama wingu.

"Mwanangu," alisema, "kile kitu kina nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya radi, na kidude cha ghalani, na kwamba ikipiga waya itashukia pale, na aliye karibu hasalimiki.

"Na kilipokuwa kisimani, ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua, bibi."

"Sie tukichota pale. Na watoto mgongoni."

"Ndiyo, bibi."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema, hakumalizia. Alipogeuka kuondoka akaongeza, "Utawaambia mwenyewe."

Saa ileile nilichukua jembe. Meneja sikumwomba ruhusa, na mpaka anahamishwa hakujua kwamba nusu ya simu yake ilihama mara mbili. Niliipeleka sahani bondeni kwenye matete, mahali pasipo na njia wala shamba, nikazungushia miti ya miiba. Sauti ilififia kidogo lakini ilisikika. Wingu lilipita bila kudondosha tone. Jioni nilikwenda kisimani, miguu haitaki, nikawaambia wanawake yote niliyoficha. Nilijua naweza kupigwa. Hakuna aliyenigusa. Walijitwika ndoo zao, wakaondoka mmoja mmoja.

Kuanzia siku hiyo bibi hakuniitikia tena. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaendelea kupepeta mchele wake kana kwamba ni kuku amepita. Mke wangu alimwitikia, akampa na uji. Aliyelelewa kwa adabu anajua uzito wa shikamoo isiyopokelewa. Zilipita wiki mbili, nami kila nilipoinama kumwamkia nilihofu kwamba leo ndiyo atatuambia tuhame.

Vuli ilikuja asubuhi, jua limeshapanda, saa ya kuchota maji. Haikutoa onyo. Mlio wa radi ulikuwa mmoja tu, kama mti mkubwa uliopasuliwa karibu na sikio. Ghalani karani alitoka mbio ameshika kichwa, mzima, kile kidude ukutani kimeungua cheusi. Mimi nilikimbilia bondeni. Matete yalikuwa yamelala yote kuelekea nje, ardhi juu ya sahani imepasuka, na vyura watano walikuwa wamegeuza matumbo juu.

Nilirudi kwa njia ya kisimani sijui kwa nini. Wanawake sita walikuwa wamejibanza chini ya kibanda cha makuti wakingoja mvua ipungue, hatua tatu kutoka shimo la zamani la sahani. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Wa mwisho, ameegemea nguzo, mikono juu ya tumbo, alikuwa mke wangu. Sikuthubutu kuwasogelea, nikapita kama mwizi hadi nyumbani.

Bibi alikuwa kwenye kizingiti chake. Nilisimama mbele yake na matope mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

Aliyatazama yale matope. "Imepiga?"

"Imepiga."

"Bondeni?"

"Bondeni."

Akageuza uso kuelekea kisimani.

"Marahaba," alisema. "Haya, nenda kamtoe mkeo mvuani."