Mzee wa Bunduki Kuukuu na Sentensi Yangu

Jumanne asubuhi nilikuwa chumba cha walimu nikisahihisha insha wakati simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa kanisa letu la Greyville, hapa Durban, naye hakuzunguka: yule mzee wa bunduki amefariki. Alianguka kwenye maegesho ya mkahawa mmoja huko Morningside, alikokuwa akilinda magari ya wateja, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakata roho. Nilimshukuru kwa kunijulisha, nikarudi kwenye insha zangu. Nilikuwa nimemaliza mbili ndipo nikagundua kwamba nimezipa alama sawa bila kusoma hata mstari mmoja. Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mimi si mwepesi wa kulia, na siku hiyo pia sikulia. Nilichohisi ni aibu, na leo nataka kueleza aibu hiyo ilitoka wapi.

Mzee alitoka Bukavu, nchini Kongo, akafika Durban akikimbia vita, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika duka linalonunua na kuuza bunduki kuukuu za marisau, zile za mitutu miwili ambazo wenye nafasi huziweka kwa uzuri wake tu. Leseni ilikuwa ya mwenye duka. Macho na masikio yalikuwa ya mzee. Baba yake alikuwa seremala wa vitako vya bunduki za wawindaji, na ufundi huo ndio mali pekee aliyovuka nayo mipaka. Nyumba za zamani za mtaa wa Berea zilipouzwa na watoto kuhamia ng'ambo, warithi walileta dukani bunduki ya babu ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, wakitaka kujua thamani yake. Mzee aliifungua vipande vitatu, akamulika ndani ya mitutu kutafuta vishimo vya kutu, akapima unene wa chuma, akasoma mihuri iliyogongwa chini. Mwisho aliining'iniza mitutu kwenye kidole kimoja na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, maungio yake ni mazima. Ikitoa mlio wa sufuria iliyopasuka, yameachia mahali. Niliwahi kumuuliza mtu aliyekimbia bunduki anawezaje kuzishika kutwa nzima. Alinijibu bila kuinua macho. “Hii yenye iko ku meza haina mutu nyuma yake, Prof. Haiwezi kunifanya kitu.” Mimi ni mwalimu wa sekondari tu, lakini kwake kila Mkenya mwenye miwani alikuwa Prof.

Kifaransa alikijua vizuri, Kiingereza cha kuandika kilimshinda. Basi kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya nilipita dukani, yeye anasema kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza maelezo ya kila bunduki, kisha anatia sahihi chini na karatasi inakwenda kwa wanunuzi. Baadaye tulipanda nyumbani kwake, mkewe akatupakulia bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Sheria yake ilikuwa moja: “Andika tu yenye tuliona.” Katika biashara ile, bunduki ambayo mwenyewe wa kwanza anajulikana, hasa akiwa mtu wa visa na safari, hununuliwa haraka na kwa bei nzuri. Kwa hiyo wauzaji wengi hawakosi kisa cha kubuni. Mzee akiulizwa bunduki ilikuwa ya nani na hana ushahidi, alisema haijulikani, nami nikaandika haijulikani. Nakiri kwamba neno hilo lilinichosha. Mimi ninayejiona bingwa wa maneno nilikuwa nikiandika neno hilohilo wiki baada ya wiki, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Siku moja tuliiandikia maelezo bunduki moja nzuri sana, kitako cha mti wa jozi, ubavuni imechongwa kware wawili wakiruka. Chini ya kitako mtu alikuwa amekwaruza herufi mbili. Ilikuwa imekaa dukani mwaka mzima na mwenye duka ameanza kununa. Mzee akasema niandike kwamba herufi zipo, mwenyewe hajulikani. Niliandika hivyo, kisha mkono wangu ukaongeza sentensi moja: inaaminika ilikuwa ya msimamizi wa mashamba ya Kongo enzi za ukoloni. Hakuna aliyeniomba. Ilinijia tamu, nikashindwa kuiacha. Mzee aliishika karatasi mbali na macho, miwani yake ilikuwa imevunjika wiki ile. “Prof, umeandika yenye nilisema?” Nikamjibu, “Ndiyo, Mzee.” Akatia sahihi.

Haikumaliza mwezi, ikanunuliwa na mstaafu mmoja ambaye babu yake aliwahi kufanya kazi Kongo. Kilichomvutia ni sentensi yangu, hakuna kingine. Akawaandikia watengenezaji huko ng'ambo, ambao bado wana vitabu vya kila namba ya bunduki waliyouza, nao wakamjibu kwamba hiyo iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa hapahapa Natal, jimboni kwetu. Akairudisha kwa hasira. Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu wa insha wakati mwenye duka alipoiweka ile karatasi mezani na kumuuliza mzee habari za Kongo amezitoa wapi. Mzee aliisoma polepole kwa kidole, akafika kwenye sentensi, kidole kikasimama. Akanitazama. Kibali changu cha kazi kilikuwa ofisi ya uhamiaji kikisubiri kuongezwa muda, na kashfa yoyote ingekizuia, naye alilijua hilo, maana nilimlilia kila Jumamosi. Mimi nikatazama sakafu. “Sahihi ni yangu,” akasema.

Alifukuzwa siku ileile. Tulitembea pamoja mpaka kwenye robot, ndizo taa za barabarani, na tukisubiri kuvuka alisema, “Siku ingine andika haijulikane. Ile haiumizake mutu.” Aliomba kazi kwa wafanyabiashara wengine wa bunduki, lakini hao wote wanajuana, na habari ilikuwa imeshamtangulia. Mwenyeji akiharibikiwa huonyesha cheti chake akaanza upya mtaa wa pili. Mgeni kama mzee hakuwa na cheti kinachotambuliwa hapa. Alikuwa na neno lake, kwamba akisema mtutu ni mzima basi ni mzima, na neno hilo alilijenga kwa miaka mingi. Mimi nililiharibu kwa muda wa kuandika mstari mmoja. Akavaa koti la kung'aa la walinzi wa magari akasimama juani na kwenye mvua kwa miaka minne, mpaka siku alipoanguka. Kibali changu kiliongezwa.

Jumatano nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa na karatasi tayari. “Prof, weye ndiye ulikuwa unamuandikiaka. Andika na historia yake, tusome ku kanisa.” Kisha akashusha sauti. “Pa kazi, andika kama aliacha ye mwenyewe. Batu banasemaka aliiba. Miye hakuniambiaka kitu.” Kwa hiyo alikuwa ameficha hata nyumbani kwake. Nilishika kalamu, na nawaambia kweli, sentensi ilikuja haraka na ilikuwa nzuri: aliacha kazi kwa hiari ili apumzike. Nikaiweka kalamu chini nikamweleza yote.

“Na ulikuwa unakulaka hapa,” akasema. Baadaye akanisogezea ile karatasi. “Andika vile umesema. Utasoma weye. Na utaweka sahihi.”

Jumamosi nilisoma mbele ya jeneza. Nilisoma kwamba hakuiba wala hakudanganya, kwamba uongo uliomfukuzisha kazi niliuandika mimi na nikanyamaza alipoulizwa. Mzee mmoja wa kwaya alinigeuzia mgongo. Mjane akaja na kalamu, akasimama mpaka nilipotia sahihi, akaikunja karatasi na kuitia katika mfuko wa koti alilovishwa marehemu ndani ya jeneza. Sisi tunaoishi kwa kalamu tunapenda kuamini kwamba mstari mmoja wa kupamba haumdhuru mtu. Humdhuru anayetia sahihi. Yangu niliitia miaka minne baadaye, kwa mtu asiyeweza tena kuisoma.