Kikao cha Kumpumzisha Magdalena

Watu wa Tengeru wana macho, na midomo pia wanayo. Kwa hiyo Magdalena Sumari alipoanza kupanda baiskeli akiwa na miaka hamsini na tisa, habari zake zilifika Usa River kabla yeye mwenyewe hajafika. Mjane, mama wa watoto wawili wenye kazi zao, muuza miche ya parachichi anayeheshimika, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kina mama, leo kavaa kofia ngumu kama fundi wa umeme na suruali ya kubana iliyoishia magotini! Wapo waliosema amechanganyikiwa. Wapo waliosema kapata bwana. Ukweli ulikuwa wa kawaida kabisa. Presha ilikuwa imempanda, muuguzi wa zahanati akamwambia afanye mazoezi, na kutembea kwa miguu kulimshinda kwa sababu kila akipiga hatua mbili anasimamishwa asalimiwe. Kwenye baiskeli unapunga mkono, unapita.

Saa ya mkononi aliletewa na mwanawe Meshack, mhasibu wa Dodoma, iwe zawadi ya Krismasi. Meshack mwenyewe ndiye aliyeiunganisha na ile programu ya simu inayochora njia uliyopita, inayopima mwendo, inayohesabu mapigo ya moyo na kuwaonyesha ndugu na marafiki popote walipo. "Ili tujue unaendeleaje, mama," alisema. Brightness, binti yake aliyeolewa Moshi, naye akajiunga. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku ile nani angelijua hilo? Mama alishukuru, akachinja kuku.

Kilichomteka hasa si saa. Ni wati. Bariki, nahodha wa kikundi cha waendesha baiskeli wa pale Tengeru, kijana mpole anayefundisha sekondari, alimuuzia kipima nguvu alichokuwa amekitumia, kidude kinachofungwa kwenye pedali. Akamweleza kwamba mwendo ni mwongo: mteremko unaweza kukubeba, upepo unaweza kukusukuma, ukajiona bingwa bure. Wati ni nguvu inayotoka kwenye miguu yako na kuingia kwenye pedali, basi. Huwezi kuikopa, huwezi kuirithi.

Magdalena aliipenda namba hiyo kuliko alivyowahi kupenda namba yoyote. Tangu Elifuraha, mumewe, alipofariki miaka sita iliyopita, kila mtu alikuwa anampa pole. Pole kwa msiba, pole kwa upweke, pole kwa kubeba ndoo, pole hata kwa kucheka, maana eti anajikaza tu. Wati hazikumpa pole. Akikanyaga kivivu zilisoma sitini, bila huruma. Akikaza zilipanda mia na ishirini, mia na hamsini, na siku moja kwenye mlima wa kwenda Akeri zikagusa mia na themanini, akapiga vigelegele peke yake hadi mbuzi wa watu wakakimbia. Vijana wa kikundi wakambatiza jina la Mama Wati. Mbele ya watu alijidai kulikataa.

Sasa shida ilianzia palepale kwenye mlima wa Akeri. Jumamosi moja alimfuata Bariki gurudumu kwa gurudumu tangu chini mpaka lami inapoishia, na moyo wake ukapiga mia na sitini na nane kwa dakika. Kule Dodoma Meshack aliiona. Mhasibu hawezi kuona namba akaiacha ipite. Alitafuta kwenye simu, akapata kanuni ya kikomo cha mapigo ya moyo: mia mbili na ishirini, toa umri. Akatoa. Ikabaki mia na sitini na moja.

"Mama amezidi kiwango cha binadamu," aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akabandika na grafu yenyewe, nyekundu tupu.

Sifaeli, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kikao tangu wazee wenzake walipoanza kuishiwa meno, hajui kusoma grafu. Ila rangi nyekundu anaijua. Akatangaza kikao cha familia Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwa mshitakiwa mwenyewe.

Magdalena alipowasimulia wenzake wa baiskeli, Bariki alicheka. "Mama, mbona hili dogo? Lete simu. Ukibonyeza hapa, safari zako zinakuwa siri. Wao wataona unatembea tembea tu bustanini, wanalala usingizi, na wewe unapanda mlima wako."

Alimpa simu. Bariki alikuwa tayari ameshafika penye kitufe chenyewe, kidole kinaning'inia hewani, Magdalena alipoinyakua.

"Sijaiba," alisema. "Nifiche nini?"

"Sio kuficha, mama, ni kuepusha maneno."

"Niliyoyafanya nimeyafanya kwa miguu yangu, barabarani, mchana. Anayetaka kutazama atazame mpaka macho yamtoke."

Jumapili walikuja. Walipikiwa loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, na nyama, wakanywa soda, Sifaeli akafungua kwa sala ndefu iliyowataja wagonjwa wote wa mtaa na mmoja asiyejijua kuwa anaumwa. Kisha akajiegemeza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Elifuraha, kile kikubwa chenye vitambaa vya kufuma mgongoni.

"Shemeji," alianza, "hatujaja kugombana. Tumekuja kukuokoa. Mwanamke wa rika lako ni wa kupumzika, ale matunda ya watoto wake. Wewe unakwenda mbio barabarani na vijana, umevaa nguo ya kuogelea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Magdalena alinyoosha mguu wake mbele ya kikao kizima, akaupiga kofi kwenye paja. "Guu lenyewe hili hapa, shemeji. Mara ya mwisho lilikuwa imara hivi ulipokuja kumletea mdogo wako posa."

Brightness aliziba mdomo asicheke. Sifaeli akasafisha koo.

"Na moyo?" aliuliza Meshack. Hakuwa anatania hata kidogo. "Mama, mia na sitini na nane. Kanuni inasema..."

"Nilikwenda hospitali, Meshack. Nilitembezwa kwenye mashine ya kukimbilia, nimebandikwa nyaya kifua kizima. Daktari kasema kanuni yako ni ya wastani, kama viatu vya saizi moja kwa watu wote. Kasema moyo wangu ni mzima, na presha imeshuka. Mpigieni, namba yake ninayo."

"Madaktari wa siku hizi ni watoto," alisema Sifaeli, na jambo la daktari likaishia hapo. Hakuna aliyepiga simu. Watu wakishaamua kukuokoa, habari kwamba hujazama huwaudhi.

"Mnachotaka ni kunifuga bandani," alisema Magdalena, sauti imeanza kupanda. "Mnikatie majani, mniletee maji, asubuhi na jioni mnikamue na kupima lita. Ng'ombe wa ndani! Shemeji, hicho kiti ulichokalia unakijua? Elifuraha aliambiwa apumzike. Tulimpumzisha wote. Jembe tukamnyang'anya, shambani tukamkataza, hata kwenda kuangalia kahawa yake tukasema hapana, baba, kaa. Akakaa. Miaka miwili amekaa, na akafa amekaa, hapo hapo."

Sifaeli aliinuka kidogo kwenye kiti, kama aliyehisi sindano, kisha akaona aibu na kukaa tena.

Magdalena angeshinda siku ile. Nasema hivyo kwa sababu hata Brightness alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Lakini Meshack, mwanamume mzima mwenye ndevu na cheo, alianza kulia. "Mimi ndiye niliyemkuta baba," alisema. "Mimi, mama. Nilimgusa mkono nikidhani amelala. Kila Jumamosi nakaa na simu mkononi naangalia ule mstari, nasubiri. Sitaki kukuzika na wewe."

Machozi yake yalifanya ambacho methali za Sifaeli hazikuweza. Magdalena alinyamaza. Na wenye vikao wanajua kunyamaza kunamaanisha nini: kumepita. Baiskeli ikaingizwa stoo, kwenye magunia na mifuko ya miche, mlango ukatiwa kufuli jipya, na ufunguo ukatumbukia kwenye mfuko wa koti la Sifaeli. Wakafunga kwa sala.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Alimwagilia miche, akauza, akaenda mazoezi ya kwaya, akalala mchana jambo ambalo si kawaida yake. Watoto walipiga simu kila jioni kwa sauti za furaha. Mapigo yako mazuri sana, mama. Sabini. Sabini na mbili. Safi kabisa. Walimsifu jinsi anavyosifiwa mtoto aliyemaliza uji. Jirani alimkuta amekaa kwenye kiti kile kikubwa, mikono imelala mapajani, akamwambia, "Pole, mama Meshack." Pole! Magdalena alisimama kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hasira aliyoipata haikuwa ya shemeji wala ya watoto. Ilikuwa ya yeye mwenyewe, kwamba angeweza kuzoea.

Jumamosi, soko likiwa limeshachangamka na mikokoteni ya ndizi imejaa njiani, alimwita Stanley, fundi wa mageti, aje na grenda yake. Alimwita kwa sauti, kutoka barabarani, na wenye macho wakasogea.

"Umepoteza ufunguo, mama?" aliuliza Stanley akitafuta pa kuchomeka waya.

"Sijapoteza. Uko kwa shemeji Sifaeli."

Stanley alisita. Anasali usharika mmoja na Sifaeli. "Sasa mama, si utaniingiza kwenye kesi ya wazee?"

"Stoo ya nani hii?"

"Yako."

"Mlango wa nani?"

"Wako, mama."

"Kata."

Cheche ziliruka. Mama mmoja muuza ndizi alitua mkungu wake chini ili ashangilie vizuri. Kufuli lilianguka vipande viwili, Magdalena akavitia kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake, akajaza upepo, akavaa kofia. Kisha akafanya lile ambalo Bariki, aliyekuwa ameegemea ukuta anasubiri, hakulitarajia. Aliwasha saa, akaiwasha na programu, akahakikisha inaonekana na kila mtu.

Alivuka barabara kuu, akaanza kupanda mlima wa Akeri. Hakumfuata Bariki; Bariki ndiye aliyemfuata. Wati mia na thelathini. Mia na hamsini. Migomba ilipita, kahawa ikapita, watoto wakapiga kelele za "Bibi, kaza!" na bibi akakaza. Simu ilianza kulia mgongoni, ikanyamaza, ikalia tena. Hakuigusa. Mapaja yaliwaka, kifua kilifunguka na kufungika, na moyo wake ulipiga kwa nguvu hadi akausikia masikioni. Alilia pia, kidogo, na hakuwa na uchungu wowote. Alimlilia Elifuraha, ambaye hakuna mtu aliyemwachia hata mara moja aone kama angefika juu.

Nyumba ya Sifaeli iko pale lami inapoishia. Mzee alikuwa uani, panga mkononi, anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, shemeji," alisema Magdalena kutoka kwenye baiskeli, pumzi juu juu.

"Marahaba," alijibu Sifaeli, kwa sababu shikamoo hujibiwa hata na mwenye hasira. Ndipo akatazama vizuri. Aliona baiskeli. Aliona jasho. Aliona mkono wa shemeji yake ukiingia mfukoni na kutoa vipande viwili vya chuma, ukaviweka juu ya ukuta mdogo wa uani, taratibu, kwa adabu zote.

"Nimekurudishia kufuli lenu. Mkinunua lingine mnunue na la akiba, maana Stanley kasema akipata kazi ya mara kwa mara atanipunguzia bei."

"Mama Meshack, kikao kiliamua!"

"Kiliamua. Na mimi nimeamua. Naheshimu kikao, shemeji, kiite tena hata kesho, nitapika. Lakini baiskeli haiingii tena stoo."

Simu ikalia. Safari hii aliichukua, akaiweka kwa sauti kubwa, shemeji naye asikie.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Meshack, imepasuka. "Mia na sabini! Mia na sabini, mama, naona hapa!"

"Unaona vizuri."

"Mama, huo ni moyo!"

"Ndiyo, baba," alisema Magdalena, kwa upole ambao hakuwa nao alipoanza kupanda. "Ni moyo. Na ni wangu."

Aliirudisha simu mfukoni, akaelekeza baiskeli kule ambako lami imekwisha na mlima unaendelea, na saa akaiacha ikihesabu.