Betri Isiyochemka

Mnisamehe kwa mwandiko huu unaolala upande mmoja, na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na hata shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati. Naandika polepole. Lakini jambo hili nimeshindwa kumweleza mtu kwa mdomo, maana mdomo wangu ni mzito kuliko mkono.

Nakaa kwa baba mdogo, katika senta ndogo hapa Ngara, kando ya barabara itokayo Nyakanazi kwenda Kabanga. Yeye anachomelea vyuma, mimi nachaji betri. Wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipojaza vilima vya ng'ambo ya barabara kwa mahema, betri zikawa nyingi kuliko vyuma, kwa sababu kila Jumapili alasiri redio ilikuwa na kipindi cha majina. Walisoma majina ya watu waliopotezana njiani: nani anamtafuta nani, wa kilima gani, maana kwao kijiji huitwa kilima, mtoto wa nani. Kila jina lilisomwa Jumapili mbili, halafu basi.

Betri za maji nilizijua. Unafungua vizibo sita, unaiunga betri kwenye chaja ya jenereta, unangoja. Maji yakianza kutoa mapovu kwenye matundu yote sita, tunasema imechemka. Imejaa, itoe. Huhitaji kumuuliza mtu.

Betri kavu haina kizibo. Imefungwa pande zote, huoni ndani. Ya kwanza tuliletewa na dereva wa lori la chakula. Tukaiunga, tukangoja ichemke. Niliilazia sikio kutwa nzima, nikisikiliza.

"Wewe watu huwasemeshi," baba mdogo alinicheka, "sasa unanong'ona na betri. Inakuambia nini?"

Haikuniambia kitu. Ilipopata moto tulifurahi, tukadhani ndiyo inachemka. Jioni ilikuwa imevimba ubavu kama mbuzi aliyekula majani mabichi, na haikufaa tena. Tangu siku ile nikawa naziogopa.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka kambini na betri kavu ndogo, ukubwa wa nusu tofali, ameifunga kwenye kitenge mgongoni kama mtoto. Yeye na wanawake wa mahema ya jirani walikuwa na redio moja, na hiyo ndiyo betri yao. Mwanawe wa kiume, wa miaka kumi na miwili, aliachana naye siku ya kuvuka mto. Lugha yake na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo nilielewa kila neno, ingawa sikujibu mengi.

Baba mdogo aliiunga kwa namna mpya. Alipitisha waya mmoja kwenye balbu ya taa ya gari, ili umeme uingie kidogo kidogo, isivimbe kama ile ya kwanza. Akaniachia. Mimi hofu ilinishinda. Baada ya saa mbili nikaitoa, nikaigusisha kwenye balbu nyingine, ikawaka nyeupe.

"Imejaa, mama," nikasema. Hata hakuwa ameniuliza.

Jumatatu alirudi. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Wamesoma kilima chetu," alisema. "Wakasema mtoto wa kiume, miaka kumi na miwili, anatafuta watu wake. Kabla ya jina, redio ikafa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliweka betri mezani akasema ataifuata Jumapili, maana jina lingesomwa mara moja tu tena.

Wiki ile sikutulia. Nikila naiona ile betri, nikisali kanisani naiona. Nikiichaji kidogo, itakufa tena katikati ya jina. Nikizidisha, itavimba, na hapo hakuna betri wala jina. Sikuwa na mapovu ya kunisaidia. Niliunga nikatoa, nikaunga tena. Siku mbili zikapita hivyo. Baba mdogo akasema nikiendelea kuishikashika itazaa.

Siku ya Ijumaa nikiwa nimeketi mbele yake niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita kila siku. Ile balbu iliyo njiani, kati ya chaja na betri, asubuhi iliwaka vizuri. Saa sita ilikuwa imepungua, ya manjano. Saa tisa ilikuwa nyekundu kama kaa la jiko. Nikajiuliza, umeme unakwenda wapi? Nikaona kwamba betri yenye njaa inavuta sana, na umeme ukipita mwingi balbu inawaka. Ikishiba inavuta kidogo. Kwa hiyo nisingoje kitu kuwaka. Ningoje kitu kuzimika.

Lakini mafuta ya jenereta yaliisha balbu ingali nyekundu. Jumamosi baba mdogo alisafiri kununua mafuta, ufunguo wa jenereta mfukoni mwake, na Jumapili hawashi mashine, ni siku ya Bwana.

Tulipotoka kanisani nilimfuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka karibu na nyumbani. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu tangu nianze kukaa kwake.

"Baba mdogo."

"Sema."

"Naomba uwashe jenereta."

Alisimama, akanigeukia. "Kumbe una mdomo! Leo?"

"Jina la mtoto linasomwa saa kumi."

Akatia mkono mfukoni. "Mpaka saa nane tu," akasema, akanipa ufunguo mwenyewe.

Yule mama alikuwa tayari mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye betri.

"Imejaa?"

"Bado, mama."

Alikwenda mpaka barabarani, akarudi. "Sasa?"

"Bado."

"Wiki iliyopita uliniambia imejaa kabla sijakuuliza. Leo nakuuliza, unasema bado. Kambini ni mwendo wa saa nzima, mwanangu!"

Nikamwita karibu, nikamwonyesha uzi wa balbu. Ulikuwa mwekundu kwa mbali, ungehitaji kuukinga kwa viganja ili uuone. Tukaukinga pamoja, viganja vyake na vyangu. Tulikaa hivyo mpaka hatukuuona tena. Niliigusa betri ubavuni: baridi, nyoofu.

"Sasa imejaa," nikasema. Nilikuwa na hakika, na pia nilikuwa sina.

Nilimbebea. Tulikwenda nusu kwa kutembea nusu kwa kukimbia. Wanawake walikuwa wameketi kuizunguka redio, mmoja akasema, "Ndiye huyu fundi wa kukata majina?" Wengine wakacheka, mimi nikajificha nyuma ya hema, nikasikilizia hapo.

Majina yalikuwa mengi. Kila mara msomaji alipovuta pumzi nilidhani betri imekufa. Kisha kikasomwa kilima chake. Mtoto wa kiume, miaka kumi na miwili. Na jina.

Halikuwa la mwanawe.

Redio iliendelea kusoma, nguvu ileile, mpaka jina la mwisho. Yule mama ndiye aliyeizima.

"Ni mtoto wa jirani yangu," alisema. "Mama yake tulimzika njiani. Hana mtu." Akainuka, akasema, "Basi atakuwa na mimi." Kesho yake alikwenda ofisini kambini kumwandikisha kwamba ni wake. Tangu hapo alileta betri kila wiki, maana mwanawe mwenyewe alikuwa bado hajapatikana.

Halafu kambi yao ilifungwa, na ndani ya siku chache watu wote wakarudishwa kwao, barabara imejaa mizigo vichwani. Siku zile betri ilikuwa kwangu, balbu imeshazimika. Nilisimama barabarani nayo mikononi tangu asubuhi, nikitazama kila uso. Sikumwona. Kila mwezi naiunga tena, kwa sababu betri kavu ikiachwa tupu inakufa.

Wewe unayesoma haya, kama ulikuwa ukisikiliza majina yale, au unamfahamu mama anayelea mtoto wa jirani wa kilima chake na bado anamtafuta wake, niandikie. Hata mistari miwili inatosha. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu. Nataka kujua kama yule mtoto alimfikia, na hii betri niipeleke wapi.